Ishirini Yetu na Ishirini Yao

...na huyu daktari wa mifupa bado kasimama mlangoni, mikono nyuma, ananikodolea macho kana kwamba nikitazamwa nitachapa haraka zaidi, achape yeye basi, mimi ruta haijawahi kunishinda miaka kumi na moja na leo hainishindi, shida nimeshaijua, VPN yenyewe, hii njia ya siri ya mtandao kati yetu na wao, nzima, kijani tangu asubuhi, hospitali yetu na kituo chao cha afya vimeshikana vizuri tu, ila anwani za mitambo ya kwao ndizo hizi hizi za kwetu, moja mpaka mia mbili, ghala letu la picha za eksirei ni namba ishirini na lao ni ishirini, ukiita ishirini ukiwa hapa anaitika wa humu humu ndani, hatoki hata nje... ndiyo maana niliita picha ya mia nne ya kule, nyonga ya bibi wa miaka sabini aliyelala kule anasubiri kuambiwa kama atapasuliwa, ukaja mguu wa mtoto, mia nne ya humu kwetu, na mimi nimeshatangaza "tayari, daktari!" kwa mbwembwe zote, loh, akacheka, kisha akaacha kucheka, "Nani alifunga mitambo ya kule?"... "Mzee Waya," nikasema, likanitoka tu, si ndiye fundi wa kule, na daktari akaapa kumwandikia mkurugenzi leo hii, mzee apumzishwe... simu iko mezani, spika wazi, Mzee Waya mwenyewe anakohoa, "Mwanangu, huku taa zote zinawaka, nimezima nimewasha mara mbili, au ni mimi nimeharibu mahali?"... "Subiri kidogo, mzee," vidole haviachi, ruta zote mbili naziendesha kutoka hapa, kila upande ubaki na namba zake nyumbani, ila zikivuka zivae nyingine, wao kwetu waonekane mtaa wa hamsini, sisi kwao mtaa wa sitini, ishirini ya hamsini haiwezi kugombana na ishirini yetu, raha iliyoje, kazi hii naipenda... ameharibu nini yeye, siku ile ya kufunga mitambo alitoboa kuta tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye kope, akanishikia ngazi, mimi nimekuja na mipangilio ya hospitali yetu kwenye flashi, akauliza, "Namba hatubadilishi, mwanangu?" nikamcheka, "Za nini, mzee, hizi sehemu mbili zitakutana lini?" nikabandika zote kama zilivyo, dakika nne, akanisindikiza mpaka getini, "Wewe kiboko," akasema, nami nikakubali kuwa kiboko...

"Bado?" daktari huyo... "Inakuja," na kweli inakuja, mstari kwa mstari kutoka juu, mfupa mpana, wa mtu mzima, jina la bibi pembeni, nilijua tu, nilijua, sasa nikinyamaza nani atauliza, picha imepatikana, kila mtu atashika njia yake, isipokuwa ile barua, itaandikwa, na mzee ataisoma mara mbili akitafuta alikosea wapi, atajilaumu, namjua, naona aibu mpaka masikio yanawaka... picha imefika nusu, daktari hajasogea, natazama kitufe cha spika, sikizimi, mzee naye asikie.

"Daktari," nasema, "namba za kule nilizibandika mimi."