Kitanda cha Dirishani

Mume wangu ni seremala asiyeamini karatasi. Mteja akimletea mchoro wa kabati, anautazama, anaukunja, anautia mfukoni, kisha anapiga magoti na kulichora kabati zima kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, kwa ukubwa wake halisi. Hapo ndipo moyo wake unapotulia. Kwa hiyo siku mteja mmoja mwenye kibanda cha mbao kule milimani alipomwambia, "Fundi, mlango na dirisha umenitengenezea vizuri, chukua familia yako mkapumzike huko siku chache," sikushangaa kurudi kutoka sokoni na kukuta sakafu nzima imegeuka kibanda.

Ukuta huu hapa, ukuta ule pale, jiko kwenye pembe, vitanda viwili vya deka, vya kulala mmoja juu na mmoja chini, kimoja kikiwa karibu kabisa na mlango. Na upande wa bondeni, dirisha kubwa.

"Dirisha hili nimelitengeneza kwa mikono yangu," aliniambia, macho yakimng'aa, "na sijawahi kuliona likiwa ukutani."

Basi nikajua kwamba hakuna kazi ya maana itakayofanyika humu mpaka tuondoke.

Kibanda kilikuwa na nafasi nne za kulala, nasi tulikuwa wanne: Fundi (hata mimi mkewe namwita hivyo), mimi, binti yetu kitinda mimba (wakubwa wake wako shule za bweni), na wifi yangu, dada yake Fundi, muuguzi mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Ukimtia mama mkwe tulikuwa watano, lakini mama mkwe hatukumtia, na aliyejitoa alikuwa yeye mwenyewe.

"Nendeni, wanangu. Mimi nitabaki kulinda nyumba."

Siku ya harusi yetu alibaki kulinda nyumba. Wifi alipohitimu, alibaki kulinda nyumba. Nyumba yenyewe, Mungu anisamehe, haina cha kuibwa ila cherehani yangu, na mwizi atakayeibeba hiyo atakuwa ameitolea jasho. Lakini mama mkwe ukimbembeleza anakuja juu, kwa hiyo tulikwishazoea.

Tukaanza kufanya mazoezi ya likizo. Kila jioni wifi akitoka kazini, anavua viatu na kujitupa kwenye kitanda chake cha chaki, anatangaza kwamba hewa ya milimani imemkubali. Mimi na yeye tulikaribia kununiana kwa sababu ya sufuria moja kubwa niliyotaka twende nayo, mpaka Fundi alipoipima na kuamua kwamba ibaki nyumbani. Kitinda mimba alifungua na kufunga mlango usiokuwapo, na ole wako umkatizie ukutani. Sisi wakubwa tulijitia kuheshimu mlango siku ya kwanza tu. Baada ya hapo kila mtu alipita alikotaka.

Siku moja mama mkwe akatuletea chai. Alisimama na sinia lake mbele ya mlango wa chaki.

"Hodi."

Tukacheka. Yeye hakucheka.

"Hodi, nasema. Humu hamna watu?"

"Karibu, Mama!" wifi alipaza sauti.

Akavua ndala, akaziacha nje ya mstari, ndipo akaingia. Alimimina chai akiwa ameangalia dirishani, ambako hakukuwa na kitu ila rundo la mbao.

Hapo nikashtuka kidogo, nikaanza kumchunguza. Karakana hufagiwa na yeye, na ufagio wake hauna huruma. Maranda, misumari, hata penseli za Fundi huenda na maji. Lakini ile mistari ya chaki ilikuwa bado mizima. Nilimwona akifagia hadi karibu nayo, kisha anainama na mgongo wake ule na kuokota maranda kwa mkono. Halafu kulikuwa na sweta. Alikuwa akifuma sweta zito la sufu, akisema ni la mjukuu. Mimi ni fundi cherehani. Mabega ya mtu nayajua kwa jicho, sihitaji futi. Mjukuu wake angeweza kulivaa sweta lile pamoja na kiti alichokalia. Mabega yale yalikuwa ya mama mkwe mwenyewe.

Nilikasirika, kusema kweli. Nilimkasirikia yeye, maana mficha uchi hazai. Nikatukasirikia sisi zaidi, tulioamini maneno yake miaka yote kwa kuwa yalitufaa. Nikamfuata Fundi aliyekuwa akipiga randa.

"Mama anataka kwenda," nikamwambia.

Randa ikasimama. "Amekwambia?"

"Hajaniambia. Anafuma."

Nilipomweleza, aliketi juu ya gogo. "Nikimwuliza atakataa," alisema.

"Usimwulize basi. Wewe si seremala?"

Kesho yake akamwita. "Mama, kuna mteja wa kitanda, kimo chake kama chako. Hebu jilaze hapa nipime."

Mama mkwe akajilaza juu ya ubao, mikono kifuani, akilalamika kwamba siku hizi mafundi hawana hata haya, wanapima watu wasiohusika. Fundi akavuta futi.

"Na kichwa akiweke upande gani?"

"Mimi nitajuaje? Ningekuwa mimi, ningekiweka dirishani."

Fundi akageuka haraka na kujitia anatafuta penseli, nayo ilikuwa sikioni mwake.

Mwenye kibanda aliambiwa, akafurahi kwamba atapata kitanda cha bure kitakachobaki huko huko. Fundi alikimaliza siku moja kabla ya safari. Tulikibeba mimi na yeye, tukakiweka chini ya dirisha la chaki, tukamwita Mama. Alipiga hodi kama kawaida yake.

"Mteja mwenyewe ni wewe," Fundi alimwambia. "Twende wote, Mama."

Mama mkwe alipitisha kiganja juu ya ubavu wa kitanda, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Machozi yalinilengalenga, na sikuyaonea aibu.

"Subirini kwanza," wifi alisema. "Kitanda hiki mmekiingizia wapi?"

"Si hapa," nikamwonyesha.

"Hapo ni ukutani, wifi yangu. Mimi nasukuma vitanda kutwa nzima. Wodini kwetu vinapita mlangoni."

Tukakitoa nje ya mistari, tukaanza upya. Wifi alisimama mahali pa deka, mikono ameitanua. "Mimi ndiye deka! Hupiti!" Mimi nikawa fremu ya mlango, kitinda mimba akashika ufagio juu yangu kuwa kizingiti cha juu. Kitanda kikaingia nusu, kikamgota wifi kiunoni. Tukakilaza ubavu, kikakwama. Tukakisimamisha wima, kikagonga ufagio. Na dirishani?

"Kioo hakifunguki," Fundi alisema kwa sauti ndogo. "Nililitengeneza hivyo mwenyewe, kwa ajili ya baridi."

Mlango wake, dirisha lake, kitanda chake, na vyote vitatu havipatani! Tulicheka mpaka wifi akaketi chini na kuomba maji. Kisha kicheko kikatuishia, maana tulikumbuka kitanda ni cha nani na safari ni lini.

Mama mkwe alikuwa amesimama nje ya mstari, karibu na ndala zake. Sote tuliijua sentensi inayokuja. Tulikwishaisikia mara nyingi mno.

"Basi," alisema.

Moyo ukanishuka.

"Basi unasubiri nini, mwanangu? Kikate katikati, utie bawaba. Kikunjike, kipite mlangoni, kikifika dirishani kikunjuke."

Fundi alikishika kitanda ubavuni. "Nikikate? Kitanda kipya hiki?"

"Kata, kabla giza halijaingia. Kesho tunaondoka mapema."

Tunaondoka, alisema. Fundi akauendea msumeno mbiombio, akajikwaa kwenye gogo lake mwenyewe. Wifi, ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na breki, akauliza, "Na nyumba, Mama? Nani atailinda?"

Mama mkwe alivua ndala, akaingia kwa kupitia mlangoni, akaenda kusimama mbele ya dirisha.

"Nyumba ina kufuli," alisema. "Mimi nina sweta."