Udongo wa Kuwashia Moto

Bohari ya mazutu, yaani dizeli, ya Papa Honoré, mfanyabiashara kutoka Butembo, ilikuwa juu ya mtelemko wa Nyabiondo, na chemchemi ya kijiji ilikuwa chini yake. Vita vilifunga maduka mengi, lakini si lake. Malori ya jeshi na malori ya waasi yalijaza matangi kwake kwa zamu, na pande zote mbili zilimwita Papa. Mapipa yalivuja mchana kutwa. Mazutu yalizama ardhini, yakafuata maji ya chini kwa chini, na chemchemi ikapata rangi nzuri kuliko vitenge vya sokoni.

Ndipo Kétsia, binti wa Mama Libérata, akaanza kuchota maji ng'ambo ya kilima, baada ya bariere, kizuizi cha njiani cha wenye bunduki. Siku ya kwanza walimuuliza jina. Siku ya pili walimwita kwa jina hilo.

Aurélie, fundi wa maji aliyetumwa kutoka Goma, alichimba vishimo, akanusa udongo, akaandika mambo mawili: mapipa yahamishwe upande wa chini wa chemchemi, na udongo ulioloa mazutu uondolewe. Alisoma kwa sauti ndogo. Wakubwa wa kijiji walimwomba arudie, na alipomaliza kurudia walikuwa wamekubaliana kufanya la pili tu.

"Mapipa yangu hayavuje, mademoiselle," alisema Papa Honoré. "Udongo ya hapa njo iko na kiu."

"Tutaifanyia salongo," alisema Nzabandora, shefu wa kijiji. "Kila Jumamosi."

Kama ilivyo desturi ya salongo, kazi ya pamoja ya kijiji, maduka yote yalifungwa hadi saa nne. Walikuja watu kumi na mmoja. Papa Honoré alishika jembe, akapigwa picha, na saa nne kamili akafungua bohari na kuendelea kumwaga.

"Tuko tunapanguza mutoto kamasi," alinong'ona Mama Libérata, "mafua yenyewe tunaiacha."

Wiki hiyo mvua ilinyesha siku nne, kuni zikakataa kuwaka. Mama Libérata alirusha kiganja cha ule udongo kwenye mafiga. Moto ulidaka mara moja. Maharage yalinuka lori, lakini yaliiva.

Salongo iliyofuata walikuja watu mia mbili, na mabeseni. Waliougua mgongo tangu zamani walipona. Shefu, ambaye fungu lake lilipelekwa nyumbani, aliandikia Goma kwamba raia wameelewa mazingira. Na kanisani mtu mmoja aliomba, kwa sauti, mapipa yaendelee kuvuja.

Mama Libérata alimfuata Aurélie shimoni. "Dada, sasa hakuna mwenye atasema hii kitu ikome. Na mutoto wangu, atapita bariere mpaka lini?"

Aurélie alitazama mapipa. Kisha akawaambia wanawake waliokuwa karibu, kwa sauti yake ileile ndogo, "Udongo ya chini ya mapipa njo inawaka sana."

Ilikuwa kweli. Safari hii hakuna aliyemwomba arudie.

Jumamosi mbili zilitosha. Ardhi ya bohari ililiwa pande zote.

"Muniachie hata fasi ya kusimamisha mapipa!" alipiga kelele Papa Honoré.

"Papa, ni salongo," alijibu Mama Libérata bila kuinua kichwa. "Shefu njo alisema."

Jumamosi ya tatu pipa moja liliinama, likaviringika hadi kwenye migomba. Papa Honoré aliita wabebaji, akahamisha yote chini ya chemchemi, juu ya sakafu ya simenti, huku akilaani nchi nzima. Shefu aliandikia Goma kwamba ndivyo alivyopanga tangu mwanzo.

Chemchemi haikupona siku hiyo. Rangi ilitoka kwanza, harufu ikabaki. Kila wiki Aurélie alijaza chupa, akaitikisa, akanusa, akapeleka maji Goma kupimwa. Kila wiki alijibu, "Ya kufua, sawa. Ya kunywa, bado," na Kétsia akaendelea kupita bariere.

Mwezi wa tano tangu mapipa yahamishwe, karatasi ya vipimo kutoka Goma ilirudi safi. Aurélie alikunywa yeye kwanza, kikombe kizima, akampa Mama Libérata. Mama alionja, akatema kwa mazoea, akaonja tena. Kisha akageukia kilima, kwenye njia ambayo binti yake alikuwa ameshaanza kuipanda na bidoni tupu.

"Kétsia! Rudia hapo! Utachota huku!"

Kétsia hakusubiri aitwe mara ya pili.