Nyimbo Tatu za Msasa

Mtafiti aliyepima subira ya watu alimweleza Msasa kwa mara ya nne: akitaka wimbo mmoja, agonge kadi nyekundu, upigwe sasa hivi, akitaka nyimbo tatu, agonge ya kijani, angoje dakika kumi. Msasa, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akagonga nyekundu. Kama jana, kama juzi.

Dada yake, aliyemleta kila asubuhi, hakushangaa. Alisema nduguye ana akili nzito tangu utotoni, kungoja hajui, ndiyo maana nyumbani yeye ndiye humwamulia kila kitu. Mtafiti akaandika "hakusubiri" kwenye fomu, lakini roho haikutulia.

Mchana akaenda kuchungulia karakana ya viti alikofanya kazi Msasa, huko huko alikopewa jina hilo. Akamkuta kando ya kiti kilichopakwa vanishi, huku akisugua mguu wa kiti kingine kwa msasa, taratibu kabisa. Fundi mkuu akamweleza mtafiti kwamba vanishi ile hukauka kwa saa nzima, na kati ya mafundi wote ni Msasa peke yake ambaye hajawahi kuiachia alama ya kidole.

Mtafiti akavuta kigoda. "Kaka, mbona hapa unaweza kungoja, na kwangu huwezi?"

Msasa alipuliza vumbi kwenye mguu wa kiti.

"Kwako nakaa tu," akasema. "Mikono haina kazi."

Kesho yake mtafiti aliweka mezani mguu wa kiti na kipande cha msasa. Msasa akagonga kijani. Dakika kumi zikaisha vumbi la mbao likitua juu ya fomu, nyimbo tatu zikapigwa, na dada mtu akabaki mlangoni kinywa wazi. Siku iliyofuata muda ukaongezwa, Msasa akangoja dakika ishirini.

Siku ya tatu akazisukuma kadi zote mbili kando. Dada akawahi kumjibia kwamba anataka tatu.

"Sitaki wimbo," Msasa alisema. "Nataka kwenda kazini."

Kwenye fomu hapakuwa na nafasi ya jibu hilo. Mtafiti akaigeuza karatasi, akaliandika nyuma, neno kwa neno, akijiuliza ni wangapi aliowahi kuwaandikia "hakusubiri".

Nje alimsikia dada akiuliza, "Tupite njia ya sokoni au ya shuleni?"

Safari hii dada hakumjibia, alingoja.

"Ya shuleni," akasema Msasa.