Msoma Njia

Asubuhi ya fainali ya mbio za magari, mafundi walibandika tangazo la sabuni ya unga kwenye mlango wa dereva, chini ya jina lake la kazi: Radi. Upande wa pili, anakokaa dada yake na daftari, wakabandika tangazo la magodoro.

Dada alikuwa msoma njia. Kwa miaka kumi na mmoja alimsomea mdogo wake kona kabla hazijafika, na barabara ilifuata daftari. Akisema kulia kali, inakata kulia, hata kama jana yake palikuwa pamenyooka. Mwaka mmoja alisoma akiwa na mafua, na kila alipopiga chafya paliota tuta. Wizara ikaleta vibao vya kupunguza mwendo, mambo yakaisha.

Bingwa alikuwa Radi. Watangazaji walimsifu kwamba ana jicho la kona. Radi mwenyewe, ambaye nyumbani hawezi kurudisha gari nyuma bila kuangusha ukuta wa jirani, alizipokea sifa hizo kwa unyenyekevu mkubwa.

Dada alitaka kitu kimoja tu: jina lake liandikwe kwenye mlango wake. Mwenyekiti wa timu alimweleza, kwa upole wa mtu aliyeshiba, kwamba rangi ina uzito na itapunguza kasi. Dada akauliza kama magodoro hayana uzito. Mwenyekiti akakumbuka kwamba ana kikao.

Zilipobaki kilomita nne, huku Radi akiongoza, dada alifunga daftari. Barabara ikakatika. Mbele ya boneti palikuwa na majani marefu na mbuzi wawili wakiyala bila haraka. Radi alikanyaga breki, gari likasimama.

"Dada, soma."

"Jina langu."

"Tutaongea tukifika."

Neno hilo alikuwa amelisikia kila msimu, na halikuwahi kuacha kumuuma. Alifungua daftari, akaruka kurasa zote zilizobaki, akasoma taratibu:

"Mwisho."

Majaji walikuja na pikipiki zao, wakakagua. Barabara imeishia hapa, kwa hiyo mbio zimeishia hapa. Wakahamisha utepe, bendera, jukwaa na mwenyekiti. Radi akatangazwa bingwa kwa mara ya saba, na mtangazaji akasifu namna alivyofunga breki kwa wakati.

"Tumefika," dada alimwambia. "Tuongee."

Radi alikuwa ameshavutwa nje. Yuko juu ya mabega ya watu, anamshukuru Mungu, mwenyekiti na sabuni.

Mpiga picha wa gazeti akainama dirishani.

"Samahani dada, shuka kidogo. Tunataka picha ya gari lenyewe."

Dada alikuwa na hasira ya kupasua kioo. Akafungua mkanda, akashuka, akapisha.