Pasi Juu ya Vidole

Nimeshona nguo miaka thelathini na moja na sijawahi kumchelewesha mteja. Sisemi hivyo kwa majigambo. Nataka tu mjue nilivyoumia siku niliposhindwa kutunga uzi kwenye sindano. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye vifundo, vimekakamaa tangu nilipoamka. Mwenzangu wa dukani, ambaye wateja wanamwita Mpole ingawa upole wenyewe mimi sijauona, aliichukua ile sindano mkononi mwangu.

"Kaa chini, dada. Utaitoboa nguo ya watu kwa hasira."

"Sina hasira."

"Basi utaitoboa bila hasira."

Hospitali waliniambia ni baridi yabisi. Daktari, kijana mwenye sauti ya taratibu, alinieleza kwamba mwili una askari wake wa kupambana na maradhi, na askari wangu wamekosea adui, wanashambulia viungo vyangu wenyewe. Nikamwambia askari wa namna hiyo wafukuzwe kazi. Alicheka, akaniandikia vidonge.

Ningevumilia hata hayo, kama si mjukuu wangu. Binti yangu alihamia nchi nyingine kikazi na akajifungulia huko huko. Mtoto alikuwa na miezi saba, tunamwita Kibonge kwa sababu ya mashavu yake, nami nilikuwa namjua kwenye simu tu. Nilibusu kile kioo mpaka kikawa na ukungu. Sura yake nilishaizoea, na kicheko chake pia. Kilichokuwa kinanikosesha raha ni uzito. Nilitaka kuusikia uzito wa yule mtoto mikononi mwangu, na mikono yenyewe ilikuwa haiwezi hata kushika kikombe bila kukiangusha. Binti yangu aliposema wanakuja baada ya wiki sita, wakae siku kumi, nilifurahi, kisha nikaenda msalani nikalia.

Daktari ndiye aliyenitajia chumba cha joto. Walikuwa wanafanya utafiti: mgonjwa analazwa kwenye kitanda chembamba chini ya taa nyekundu, anafunikwa gubigubi, mwili unapashwa polepole mpaka ufike nyuzi thelathini na nane na nusu, kama mtu mwenye homa. Mara mbili kwa wiki. Kabla na baada, muuguzi anachukua damu kupima homoni.

"Za nini?" nilimuuliza.

"Mwili ukipata joto, homoni zake hubadilika, Mama. Nyingine hupanda, nyingine hushuka. Baadhi yake ndizo zinazosema na wale askari wako. Tunataka kujua kama joto linaweza kuwatuliza."

"Linaweza?"

"Bado hatujui. Ndiyo maana tunapima. Na vidonge usiache."

Nililala mle nikitokwa na jasho mpaka masikioni. Muuguzi alinifuta uso na kunisimulia habari za shemeji yake, mtu wa visa vingi. Baada ya mara ya tatu nilirudi nyumbani, nikafunga vifungo vya blauzi yangu mwenyewe, vyote sita. Nikavifungua, nikavifunga tena. Kesho yake vidole vilikuwa bado vyepesi. Siku iliyofuata vikakakamaa kama kawaida.

Hali ikawa hiyo wiki hadi wiki: siku moja ya raha, siku mbili za mateso. Zikabaki siku nne wageni wafike. Hapo ndipo nikawaza kifundi. Nguo iliyokunjamana huipigi pasi ukaiacha nusu, unaipiga mpaka inyooke. Nikasubiri Mpole atoke kwenda kununua uzi. Nikalowesha kitambaa, nikakikamua, nikakilaza juu ya mkono wa kulia, nikashusha pasi kwa mkono wa kushoto. Mvuke ulipopenya nilisikia raha ambayo sijaisikia siku nyingi. Kwa hiyo nikakandamiza. Kisha nikabadilisha mkono.

Mpole aliporudi, ngozi ilikuwa imeshafura malengelenge. Alizima pasi, akanisindikiza hospitali, na njia nzima alinishika kiwiko kana kwamba nitakimbia.

"Mama," daktari alisema, na safari hii sauti yake haikuwa ya taratibu, "kule chumbani tunapasha mwili mzima, kidogo kidogo, tukikuangalia. Hii ni kujiunguza."

"Nilikuwa na haraka."

"Haraka ya nini?"

Mtu mzima mimi, nikatazama dirishani. Alinifunga bandeji mikono yote miwili mpaka kwenye kifundo cha mkono, akanisimamisha kwenye utafiti hadi ngozi ipone. Wiki tatu, alisema. Nikahesabu. Kibonge angekuwa ameshaondoka.

Walifika mchana. Binti yangu aliingia sebuleni amechoka na safari, mtoto begani. Aliiangalia mikono yangu. Alishapigiwa simu na Mpole.

"Keti, Mama. Egemea."

Nikaegemea kwenye kochi. Alimlaza mtoto kifuani kwangu, kifudifudi, nami nikamzungushia mikono yangu, nikambana kwa viwiko. Alikuwa mzito, mzito kuliko nilivyowaza, na wa moto, na kichwa chake kilinukia maziwa. Alinitazama usoni. Huyu bibi wa kwenye simu, mtoto hakumtambua hata kidogo. Midomo ikamtetema, akaangua kilio, akajipinda kumtafuta mama yake. Vidole vyangu vilikuwa ndani ya bandeji, sikuweza hata kumpapasa mgongo. Binti yangu akamchukua haraka, akambembeleza, akaanza kuzunguka naye sebuleni.

Kifua changu kikabaki na baridi pale alipokuwa.

"Mrudishe," nikasema.

"Mama, analia."

"Na mimi nalia. Mrudishe."

Alisimama akanitazama. Kisha akapiga magoti mbele ya kochi, akamlaza tena pale pale, akaweka mkono wake juu ya mgongo wa mtoto asije akaanguka. Kibonge akapiga kelele sikioni mwangu kwa nguvu zake zote. Nilimbana kwa viwiko, sikumwachia.