Nyayo za Buluu

Tangu asubuhi Zélie hakutulia. Kulungu aliyepigwa risasi na mumewe Firmin alfajiri alikuwa ananing'inia ghalani, na kuwinda wakati wa theluji ni marufuku. Firmin alishakamatwa mara moja. Ya pili ni jela, kijiji kizima kilijua. Na mpumbavu yule alikuwa ametoka msituni akikatiza shamba jeupe, akaacha nyayo hadi mlango wa ghala!

Mchana theluji ikaanza kuanguka tena, ikazifukia zote. Zélie angeshusha pumzi, lakini wapi. Barabarani, chini ya mwavuli, alikaa mchoraji kutoka Paris, na tangu kulipopambazuka alikuwa akichora shamba hilohilo.

Zélie akachukua bakuli la supu ya kabichi, kisingizio tu, akaenda kuchungulia begani kwake. Akakodoa macho. Kumbe madoa matupu! Buluu, waridi, njano, kana kwamba kuku kakanyaga rangi akapita juu ya kitambaa. Ghala halionekani, shamba halionekani. Moyo ukamtulia. Akamuuliza kama huko Paris mtu hupata chakula kwa kazi ya namna hii. Mchoraji akacheka, akaendelea na supu yake.

Ndipo akatokea Corbin, mlinzi wa msitu, aliyekuwa akimnyemelea Firmin tangu mwaka juzi. Siku nyingine Zélie angejifungia ndani. Leo mdomo ulimwasha.

"Bwana Corbin, hebu njoo ucheke na wewe. Mtu mzima kashinda kwenye baridi anapaka uchafu."

Corbin akaja akitabasamu, akasimama hatua chache nyuma ya mchoraji, mikono mfukoni. Tabasamu likamtoka. Zélie akamhimiza asogee karibu, aone vizuri. Hakusogea. Wasiwasi ukamrudia mwanamke. Akaenda akasimama pale aliposimama Corbin, akageuka.

Mungu wangu. Madoa yalikuwa yameungana. Msitu ule, shamba lile, ghala lao, na mstari wa nyayo za buluu kutoka mitini mpaka mlangoni.

"Zélie," Corbin akasema taratibu, "asubuhi nani kapita hapa?"

Shamba mbele yao lilikuwa jeupe pepepe. Corbin hakungoja jibu. Alishaanza kulikatiza shamba kuelekea ghalani.