Sifa za Bi Kikonyo

Kila Ijumaa gazeti lilipanda Lushoto na basi la kutoka Mombo, na watu wa kijiji cha Magamba walianza kulisoma kwa nyuma, kwenye safu ya "Sikio la Mlimani". Humo mtu asiyetaja jina lake alihukumu michezo na vipindi vya redio, vipya na vilivyorudi hewani. Huruma hakuwa nayo. Kipindi kipya cha mashairi alikiandikia: "Sauti ya kumtoa nyoka pangoni, maneno ya kuazima. Arudishe ya watu." Kipindi cha kilimo kilichorudi baada ya masika alikimaliza hivi: "Bwana shamba huyu jembe amelishika siku ya kupigwa picha tu. Kizimwe, tuokoe mawe ya redio."

Mtu huyo alikuwa Fanueli. Alikata mkonge Korogwe, akabeba magunia bandarini Tanga, na shule aliisoma vipande vipande, kila alikopata mwalimu mwenye subira. Uzee ulipomfika alirudi kwenye nyumba ya mama yake. Siri ya safu ile pale kijijini aliijua Zuhura peke yake, mwenye kuuza katika duka la kijiji cha ujamaa, kwa kuwa redio aliyosikilizia ilikuwa ya duka.

"Mgosi, umesikia? Bi Kikonyo anarudi," Zuhura alimwambia siku moja, akipima chumvi. "Jioni hii."

"Nimesikia."

"Basi noa kisu. Safari hii usimbakishie hata unyoya."

Zuhura alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Bi Kikonyo wa redioni, muuza peasi mshamba aliyechekesha nchi nzima, hakutungwa na mtu. Alikuwa Rahabu, mama yake Fanueli. Rahabu aliuza peasi soko la Lushoto miaka mingi, akizinadi kwa Kiswahili chake kilichojaa Kishambaa: "Tamu mpaka kikonyo! Meza, mwanangu, usiteme!" Mwandishi mmoja aitwaye Paskali akaichukua sauti ile nzima nzima, akampa mwigizaji wa Dar es Salaam, akaongezea upumbavu ambao Rahabu hakuwa nao. Tangu hapo hata utingo wa basi alimfuata kwa kelele, "Bi Kikonyo! Meza, mwanangu!" Mwanzo alicheka nao. Kisha akaacha kunadi, akawa anauza kwa kuonyesha vidole tu, kama bubu. Mwisho hakwenda tena sokoni. Kipupwe kilichofuata kilimchukua, na Kiswahili alikuwa hajakisema tena mpaka anazikwa.

Sasa mchezo ulikuwa umerudi, na kalamu ilikuwa mkononi mwa mwanawe. Fanueli alisikiliza jioni ile bila kucheka. Ijumaa gazeti likaja, na Zuhura akalisoma amesimama mlangoni.

"Haa! 'Bi Kikonyo amerudi na utamu wake. Ule mwito wake wa peasi ndio roho ya mchezo. Kwa nini mwandishi anatubania? Tuongezee!' Fanueli, umelogwa? Mama yako huyu!"

"Ukimponda mtu mwenye akili, unamfundisha bure," alisema Fanueli. "Mgema akisifiwa je?"

 Mkono ukamwenda Zuhura mdomoni. "Tembo hulitia maji! Astaghafirullah, mzee wewe ni mbaya."

Paskali aliisoma sifa ile, akaimeza. Wiki iliyofuata Bi Kikonyo alinadi peasi mara tatu. Fanueli akaandika: "Hapo sawa, lakini bado." Wiki nyingine akazinadi arusini. Fanueli akaandika kwamba hajapata kusikia ufundi kama huo. Akazinadi mahakamani, akazinadi hospitalini, na kila alivyozidisha, "Sikio la Mlimani" lilizidi kupiga makofi. Watu dukani wakaanza kununa.

"Jana kaenda matangani," alisema Athumani, mkulima wa kabichi. "Maiti hajashushwa kaburini, naye 'tamu mpaka kikonyo'! Mimi nasema maiti angekuwa na nguvu angeamka ampige kofi. Zima, dada, tuweke taarabu."

Huko mjini nako walizima. Barua za malalamiko zikawa nyingi, na wakubwa wa redio wakauondoa mchezo, na Paskali pamoja nao.

Akaja Magamba. Gazetini walimwelekeza, naye akapanda na kishati chake cha joto la pwani, anatetemeka katika ukungu, mkebe wa biskuti kwapani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Keti."

"Nimekuja kukushukuru. Wote wamenitupa, wewe peke yako ulinielewa mpaka mwisho. Nakuomba uandike tena, labda watanirudisha."

"Yule bibi ulimtoa wapi?"

Paskali akachangamka. "Hapahapa Lushoto, mzee! Nilikuwa mwalimu. Kulikuwa na bibi mmoja sokoni, nanunua peasi moja, nazunguka, narudi kununua nyingine, nimsikie tu." Akainua kidevu, akanadi. Alijua kuiga, huwezi kumnyima. Fanueli alimsikia mama yake chumbani mle.

"Jina lake ulimuuliza?"

"Jina? Hapana."

"Rahabu. Ndiye aliyenizaa. Kicheko chenu kilimfunga mdomo mpaka akafa nao umefungwa."

Mkebe ulimponyoka Paskali, biskuti zikatawanyika sakafuni.  Akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa mbona hukuniponda, mzee? Ungeniponda tu."

"Ningekuponda ungejirekebisha."

Paskali akapiga magoti. "Nionyeshe kaburi lake nimwombe radhi."

"Hulioni. Sauti yake uliichukua, ukaila, ukashiba. Kaburi niachie mimi. Inuka, basi la mwisho halijaondoka."

Paskali akateremka na njia, ukungu ukamfunika. Zuhura, aliyekuwa akichungulia toka dukani, akavuka barabara.

"Mgeni gani huyo anaondoka analia? Hata chai hukumpa?"

"Hata maji."

Zuhura akaguna. Kwa Washambaa mgeni hanyimwi maji, hata awe mwizi. Fanueli alilijua hilo, na ndiyo maana hakumpa.